Jivu, Magadi na Maji Yaliyotuama

Katika ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, mahali panapoitwa Ras Kisimani, bahari imekula mji. Masimulizi ya Kilwa yanaeleza kwamba Ali bin Hassan, mfalme wa kwanza wa Kishirazi, alimpa mwanawe Bashat aitawale Mafia, na sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimeokotwa hapo mchangani. Neville Chittick, aliyesimamia mambo ya kale ya Tanganyika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alichimba eneo hilo na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1961. Alikuta masalia tu, maana ufukwe wa ras ile umekuwa ukimegeka kwa vizazi vingi, na kuta zimekwenda nao.

Mafundi wa Kisimani walijenga kama walivyojenga wenzao wa Kilwa na Lamu. Waliyakata mawe ya matumbawe, wakayapanga mengine juu ya rundo la magogo na kuyachoma mpaka yakawa chokaa. Chokaa ikachanganywa na mchanga, ikashikanisha mawe na kupigiwa lipu. Ni ufundi wa kuheshimiwa, na kuta zake bado zimesimama katika miji mingi ya pwani. Ila chokaa huwa ngumu kwa kunywa hewa ukaa kutoka angani. Ikiloweshwa na mawimbi kabla haijakomaa, haishiki.

Warumi walikuwa na njia nyingine. Katika magati yao ya baharini walichanganya chokaa na jivu la volkano, na jivu la Pozzuoli, karibu na Napoli, ndilo lililosifiwa kuliko yote. Mwaka 2017 Marie Jackson wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake walichapisha uchunguzi wa zege la magati hayo. Waliona kwamba maji ya bahari yaliyopenya ndani yake kwa miaka karibu elfu mbili yameotesha fuwele mpya, mojawapo ikiwa filipsiti, ambayo ni aina ya zeoliti. Fuwele hizo zimelikaza zege. Sisemi kwamba Kisimani iliangushwa na chokaa yake, kwa kuwa ras yenyewe ni ya mchanga, na mchanga ukihama hakuna ukuta unaoweza kubaki. Lakini tofauti ya kemia ni ya kweli. Mafia haina mlima wa moto, na fundi wake hakuwa na jivu la kuchanganyia. Jivu lilikuwa bara, mbali kaskazini na mbali kusini magharibi, na huko kaskazini maji yalikuwa yamelifanyia kazi ileile tangu kabla hajawapo mwanadamu wa kuchoma chokaa.

Ilichukua muda mrefu kwa wataalamu kuiamini kazi hiyo ya maji. Mwaka 1756 Axel Fredrik Cronstedt, mtaalamu wa madini wa Sweden, alilichoma jiwe moja kwa mrija wa kupulizia moto, akaliona likitoa povu kana kwamba linachemka. Akaliweka katika jamii mpya ya madini, akaiita zeoliti. Povu lile lilitokana na maji. Ndani ya zeoliti, silikoni, aluminiamu na oksijeni hushikana na kujenga kiunzi chenye vyumba na vijia mfano wa sega la asali, na humo hukaa maji pamoja na sodiamu, potasiamu au kalisiamu. Jiwe likipashwa moto, maji hutoka na kiunzi hubaki kimesimama. Likirudi penye unyevu, maji hurejea. Sodiamu iliyomo huweza kutoka na kuipisha elementi nyingine. Kwa sababu hiyo, baada ya ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011, zeoliti zilitumiwa kunasa sesiamu yenye mnururisho.

Baada ya Cronstedt, kwa zaidi ya karne nzima, zeoliti ilikuwa madini ya kabati la makumbusho. Fuwele nzuri, kubwa za kuonekana kwa macho, zilitolewa katika vitundu vya miamba ya basalti huko Iceland na katika uwanda wa Deccan nchini India. Maelezo yaliyokubaliwa yalikuwa kwamba maji ya moto yalipita katika lava iliyokuwa ikipoa na kuacha fuwele katika kila uwazi. Miamba ya mashapo, yaani ile iliyojengwa na mchanga, tope na jivu lililotulia chini ya maji, haikufikiriwa kuwa makazi ya zeoliti.

Imani hiyo ilitikiswa na sakafu ya bahari. Meli ya Uingereza, HMS Challenger, ilizunguka dunia kati ya mwaka 1872 na 1876 ikichota tope kutoka vilindini. John Murray na Alphonse Renard walipochapisha taarifa yao kubwa ya mashapo hayo mwaka 1891, waliandika kwamba ndani ya udongo mwekundu wa Pasifiki kuna fuwele ndogo za filipsiti. Udongo huo ulikuwa umelala chini ya kilomita kadhaa za maji yanayokaribia ubaridi wa barafu. Hapakuwa na moto wa kusingizia. Palikuwa na vipande vya kioo cha volkano, maji ya chumvi, na muda usio na haraka.

Murray alifariki mwaka 1914 na kuacha fedha, nyingi zikiwa zimetokana na fosfeti ya Kisiwa cha Christmas, ziendeleze uchunguzi wa bahari. Fedha hizo ziligharimia safari iliyobeba jina lake, kwa meli ya Misri iitwayo Mabahiss yenye mabaharia Wamisri. Kati ya mwaka 1933 na 1934 meli hiyo ilipima Bahari ya Hindi, ikatia nanga Mombasa na Unguja. Kwa hiyo bahari inayoipiga Mafia ilichunguzwa kwa urithi wa mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha kwamba zeoliti huota katika tope baridi. Baadaye, uchimbaji wa vilindi ulioanza mwaka 1968 ulionyesha kwamba filipsiti ni ya kawaida katika mashapo machanga ya bahari kuu, na kwamba katika mashapo makongwe hukutwa zaidi aina nyingine, klinoptiloliti.

Nchi kavu nako ushahidi ulikuwa ukijikusanya. Mwaka 1929 Wilmot Bradley alieleza matabaka ya analsimu, ambayo huhesabiwa pamoja na zeoliti, katika mashapo ya ziwa la kale huko Utah, Colorado na Wyoming. Hoja yake ilikuwa kwamba jivu la volkano liliangukia ziwa lenye chumvi, na chumvi ikaligeuza. Mwaka 1954 Douglas Coombs wa New Zealand alionyesha njia nyingine: mashapo yenye jivu yakifukiwa kilomita nyingi chini ya mashapo mengine, zeoliti moja huipisha nyingine kadiri kina na joto vinavyoongezeka. Kilichokuwa kimeuchelewesha ujuzi wote huu ni udogo wa fuwele zenyewe. Katika miamba ya mashapo ni vumbi tupu, hata hadubini ya kawaida hushindwa kuzitenganisha na udongo. Mashine za eksirei zilipoenea katika maabara miaka ya 1950, miamba iliyokuwa ikiitwa udongo mgumu au jivu lililooza ilibainika kuwa imejaa zeoliti, tani kwa mamilioni.

Wakati huohuo Tanganyika ilikuwa na machimbo mawili ya historia. Kusini, Chittick alikuwa akiishughulikia miji ya Waswahili. Kaskazini, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliliona fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, Zinjanthropus au kwa kifupi Zinj, katika Bonde la Olduvai. Mwaka 1961, uleule wa taarifa ya Kisimani na wa Uhuru wetu, Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima jivu lililokuwa pamoja na fuvu hilo na kutangaza umri wa miaka 1,750,000. Vipimo vya baadaye vimeusogeza hadi karibu miaka 1,840,000. Dunia ilishtuka kwa umri huo. Lakini umri peke yake hauelezi mahali. Zinj alikufa kando ya nini: mto, kinamasi, ziwa? Na kama ni ziwa, maji yake yalinyweka?

Mtu aliyelichukua swali hilo alitoka Berkeley hiyohiyo. Richard Hay, aliyezaliwa mwaka 1926, hakuwa mtafuta mafuvu. Alikuwa mwanajiolojia aliyezama katika jambo moja, hatima ya jivu la volkano baada ya kuanguka. Katika kisiwa cha St. Vincent, huko Karibi, alichunguza udongo uliotokana na jivu la miaka kama 4,000, mahali pa mvua nyingi. Kioo cha jivu kilikuwa kikigeuka mfinyanzi, wala si zeoliti, kwa kuwa mvua ilikuwa ikiosha na kuondoka na chumvi. Huko Oregon alisoma jivu nene la kale lililogawanyika sehemu mbili: juu kioo bado kizima, chini kioo chote kimekuwa klinoptiloliti. Mpaka kati ya sehemu hizo haukufuata matabaka, uliyakata. Maana yake mabadiliko hayakutokea siku jivu lilipoanguka. Yalifuata maji yaliyokuwa yakishuka taratibu kupitia vinyweleo vya mwamba.

Hay alifika Olduvai mara ya kwanza mwaka 1962, akiwa tayari anajua cha kuangalia. Nadhani bahati ya Tanzania katika jambo hili haijasemwa vya kutosha. Bonde lile lilipata mtu ambaye kwake lile jivu lililogeuka, ambalo wengine wangelipita kama uchafu unaosumbua upimaji wa umri, lilikuwa habari kamili.

Olduvai ni korongo lililokatwa na maji katika tambarare za Serengeti, magharibi ya nyanda za volkano za Ngorongoro. Kuta zake ni matabaka ya tope, mchanga na jivu yaliyolundikana kwa takriban miaka milioni mbili. Hay aliyafuata kwa miguu, kipande kwa kipande, akayapima na kuchukua sampuli, mpaka mwaka 1976 akachapisha kitabu chake cha jiolojia ya korongo hilo. Katika matabaka ya chini kabisa alilitambua ziwa. Lilikuwa ziwa lisilo na mto wa kutoka. Vijito vya milimani viliingia, jua likanywa maji, na chumvi zikabaki: kaboneti ya sodiamu, yaani magadi tunayoyafahamu.

Maji ya magadi ni makali kwa kioo cha volkano. Katika maji ya kawaida kioo hicho huyeyuka polepole mno, lakini alkali ikipanda, silika na alumina hulegea na kuingia majini kwa wingi. Kwanza hutokea ute laini, kisha ndani yake fuwele huanza kuota. Itaota fuwele gani hutegemea jivu lenyewe na ukali wa maji. Jivu lenye silika nyingi huelekea erioniti na klinoptiloliti. Jivu la Ngorongoro na jirani zake lenye silika kidogo huelekea filipsiti na kabaziti. Na chumvi ikizidi, maji yenyewe huwa adimu kwa fuwele, maana chumvi imeyashika. Hapo zeoliti zenye maji mengi huachia nafasi analsimu yenye maji machache, na mwisho huja felspa ya potasiamu, isiyo na maji kabisa.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoyafanya madini yawe ramani. Tabaka moja la jivu huanguka siku moja juu ya nchi nzima, juu ya mlima, ukingo na katikati ya ziwa. Ukilifuata tabaka lilelile kilomita hadi kilomita na kuona limekuwa nini, utajua kila sehemu ilikuwa na maji gani. Lindsay McHenry wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Milwaukee amelifuatilia hivyo jivu liitwalo Tafu IF, linalofunga tabaka la kwanza la Olduvai. Palipokuwa na maji makali ya ziwa, kioo kimegeuka zeoliti na felspa. Palipokuwa na kinamasi cha maji baridi yatokayo milimani, jivu lilelile limekuwa mfinyanzi. Binadamu wa kale waliacha mifupa na zana zao kwa wingi upande wa mashariki wa ziwa, ulioelekea milima, ambako vijito vilileta maji ya kunywa.

Kulikuwa na jambo la pili, geni zaidi. Hay alikuta zeoliti hata katika jivu ambalo halikuwahi kulala chini ya ziwa, lililokaa juu ya nchi kavu tu. Mwaka 1963 aliandika makala akieleza kwamba udongo wenyewe wa nchi ile ya ukame ulikuwa na alkali ya kutosha kuotesha zeoliti karibu na uso wa ardhi. Alkali hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1962 J. B. Dawson alikuwa amechapisha habari kwamba Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamaasai, hutoa lava ya kaboneti ya sodiamu, kitu kisichoonekana katika volkano nyingine yoyote inayowaka leo. Jivu la milima ya aina hiyo lilipeperushwa na upepo wa mashariki kuelekea Serengeti, mvua chache zikaliyeyusha bila kulisafirisha mbali, na jua likalirudisha juu. Mwaka 1966 Hay alitoa kitabu kuhusu zeoliti katika miamba ya mashapo duniani kote, ambacho kwa wanajiolojia wengi ndicho kilichoipa elimu hiyo msingi. Olduvai ina sehemu yake ndani ya msingi huo.

Ng'ambo ya mpaka, Ziwa Magadi la Kenya liliwapa wataalamu kitu ambacho Olduvai isingeweza, yaani ziwa la magadi lililo hai. Mwaka 1967 Hans Eugster alitangaza madini mapya aliyoyakuta katika tope la kandokando ya ziwa hilo, silikati ya sodiamu aliyoiita magadiiti, na akaonyesha kwamba huweza kugeuka kuwa jiwe gumu la jamii ya gumegume. Mwaka uliofuata Hay aliitumia hoja hiyo kueleza mabonge ya jiwe la namna hiyo yaliyomo Olduvai: nayo yalizaliwa na maji ya magadi. Ziwa lilipopungua, mabonge yakawa wazi, na watu wa kale wakayaokota na kuyapasua. Katika eneo la Olduvai liitwalo MNK kuna mahali walipokuwa wakitengenezea zana zao kwa jiwe hilo. Kemia ileile iliyolifanya jivu kuwa zeoliti iliwapatia visu.

Ziwa Magadi pia lilionyesha upande wa kuogofya. Zeoliti iliyo nyingi katika jivu la kale la huko ni erioniti, ambayo huota kama nyuzi. Nyuzi za erioniti zikivutwa puani zina hatari kama ya asbesto, pengine kuzidi. Jambo hilo lilijulikana miaka ya 1970 katika vijiji vya Karain na Tuzköy huko Kapadokia, Uturuki, ambako watu walijenga nyumba kwa jivu lililoshikana lenye erioniti na wengi wakafa kwa saratani ya utando wa mapafu. Anayesifu faida za zeoliti sokoni inampasa kwanza aseme ni zeoliti gani.

Hay alikuwapo pia Laetoli, kusini mwa Olduvai. Mwaka 1976 Andrew Hill alitambua nyayo za wanyama katika jivu lililoshikana, na mwaka 1978 zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, zenye umri wa takriban miaka 3,660,000. Mary Leakey na Hay waliziandikia pamoja katika jarida la Nature mwaka 1979. Jivu lile lilianguka kidogo kidogo, likaloweshwa na manyunyu ya mvua, na kaboneti iliyokuwamo ikaligandisha upesi. Jivu jingine likalifunika, na baadaye zeoliti na kalisi zikalikaza tabaka lote. Walidhani chanzo chake ni mlima Sadiman, dai lililopingwa tangu mwaka 2011, Anatoly Zaitsev na wenzake walipoonyesha kwamba miamba ya Sadiman hailingani na jivu hilo. Mlima uliofanya kazi ile bado una ubishi. Kazi yenyewe haina.

Turudi kusini, kwa sababu jivu la Tanzania si la Serengeti tu. Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, ulilipuka kwa kishindo miaka kama 4,000 iliyopita, umri uleule wa jivu la St. Vincent. Lakini kusini mwa Rungwe, kuelekea Tukuyu, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Jivu la huko limekwenda njia ya St. Vincent: limekuwa udongo mweusi wa mfinyanzi unaolisha migomba, viazi na chai. Upande wa kaskazini wa milima hiyohiyo ya Mbeya, maji hushuka Usangu, huwa Ruaha Mkuu, huingia Rufiji, na mwisho hutapika tope lake katika delta inayotazamana na Ras Kisimani. Safari yote hiyo ni ya maji yanayokwenda. Hayakai mahali mpaka chumvi ikolee, na zeoliti haipati nafasi.

Mbali na maji yaliyotuama na maji yanayokwenda kuna hali ya tatu, na mmoja wa mifano yake bora duniani uko kusini mwa Mafia, katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Ni mashapo ambayo maji hayakupita kabisa. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake waliandika katika Nature kuhusu magamba ya viumbe wadogo wa bahari, foraminifera, kutoka mfinyanzi wa pwani ya Kilwa na Lindi, na kuanzia mwaka 2002 wakachoronga mashimo huko wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Magamba mengi ya umri huo duniani yamebadilika, kalisi yake ikayeyuka na kuota upya katika baridi ya vilindi, na oksijeni iliyomo ikadanganya wapimaji kwamba bahari za tropiki zilikuwa za ubaridi. Mfinyanzi wa Kilwa ulifunga njia. Magamba yake, mengine yakiwa na zaidi ya miaka milioni 40, yangali maangavu kama kioo, na oksijeni yake ilionyesha kwamba bahari ya tropiki wakati ule ilikuwa na joto zaidi kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa.